Nilivyompelekea mzee kisu cha kuwindia nilipoenda kuposa, ala ikanitoa jasho

Wakuu, salaam. Wazee wenzangu mnaochungulia humu bila kuandika, nawaona pia.

Haya yalinikuta mwenyewe. Nikiongeza chumvi, mods waufute uzi.

Miaka ya sabini nilikuwa fundi visu pale Nyahanga, Kahama. Siyo visu vya kukatia mchicha, hapana. Vya wawindaji, kila mtu kwa kipimo cha kiganja chake.

Chuma nilitoa kwenye springi za malori mabovu. Nafua, nachovya kwenye oili chafu, napiga tupa. Ala nashona mwenyewe: nailowesha ngozi, naikaza juu ya kisu nilichokizungushia nailoni, inakauka na umbo lilelile. Ukikigeuza juu chini hakidondoki. Nilikuwa na majivuno bwana, nisiwafiche.

Sasa nikampenda Mariamu, binti wa Kizinza aliyekuja Kahama kwa shangazi yake. Baba yake alikuwa mwindaji upande wa Rwamgasa, na alishakataa posa mbili kabla yangu.

Mjomba Idi, mshenga wangu, akaniambia, "Mwindaji humpati kwa maneno. Mpelekee kazi ya mikono yako."

Kile kisu kilinichukua wiki tatu. Mpini wa mpingo. Ala nikaikatia ngozi laini kuliko zote nilizokuwa nazo, ya pongo, yule swala wa vichakani, na manyoya nikayaacha kidogo ili yale madoa meupe yaonekane. Kilipendeza mpaka nikatamani kujiposa mwenyewe.

Tukapanda lori la pamba, tukafika na vumbi mpaka kwenye kope. Shikamoo, marahaba, tukapewa vigoda. Nikapiga goti, nikamtolea mzee kisu kwa mikono miwili.

Akanyoosha mkono. Akaona madoa. Akaurudisha.

"Ngozi ya nini hii?"

Mimi na kiherehere changu: "Pongo, baba! Laini hiyo, gusa tu."

Mama Mariamu akashika mdomo. Mzee akainuka, akaenda kusimama kule uani. Ndipo mama akaninong'oneza kwamba ukoo wa mume wake mwiko wao ni pongo. Hawamli, hawamgusi, hata wakimkuta porini bunduki inashushwa.

Weee! Yaani nimemletea mtu mwiko wake nyumbani, tena kwa magoti! Mjomba Idi akaanza kutafuta kofia yake tuondoke.

(Najua wajuaji mtasema ningemuuliza Mariamu. Nilitaka iwe sapraizi, jamani.)

Nikachomoa kisu, nikaenda kuifukia ala mbali huko. Nikanawa mikono kwa majivu, na kisu nikakisugua vilevile. Nikarudi nimekiweka kwenye jani la mgomba.

Mzee akakitazama weee. Akakichukua, akajaribu makali kwenye vinyweleo vya mkono wake.

"Kisu nimekipenda," akasema. "Lakini binti naye ni wa ukoo huu. Kwenu mnakula pongo?"

Kudanganya nikashindwa. "Tunakula, baba."

"Na akija kwako?"

"Pongo hataingia jikoni kwake. Na mimi naacha."

"Wewe nani kakwambia uache? Siyo mwiko wako."

Nikamjibu bila kufikiri: "Baba, mkono ulioshika mwiko wake nitamshikaje nao?"



Mzee akamgeukia Mjomba Idi. "Weka hiyo kofia chini. Leteni maji wageni wanawe, wale."

Wakuu, machozi yalinitoka mbele ya wakwe na sikuona aibu.

Funzo: fundi, kabla hujakata ngozi, muulize mtu ukoo wake. Mimi nilikuwa napima viganja nikadhani nimeshamjua mteja. Na ninyi mnaooa makabila ya watu, ulizeni mapema, sapraizi zitawaua.

Haya, nani mwingine humu aliwahi kuvunja mwiko ukweni? Mwageni yenu, Mariamu anataka nimsomee.