Maji ya Watu wa Milimani

Luisa wa Lituhi nilimfahamu hospitalini Mbinga, mwaka ule wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda kwetu Umatengoni na malori yao. Mimi nilikuwa namuuguza mwanangu aliyevunjika mguu. Yeye alikuwa kitanda cha jirani na bintiye Devotha, wa miaka saba, aliyetolewa jiwe kwenye kibofu. Kwao kando ya ziwa Luisa alikuwa akianika dagaa wa usipa na kuuza, na habari yake kutwa ilikuwa ziwa tu. Leo ziwa limechafuka. Leo limetulia, watavua. Sasa aliyajuaje hayo akiwa Mbinga, na milima yote ile katikati? Nilimwonea huruma, lakini pia alinichosha.

Kilichonichoma zaidi ni maji. Mimi ni mtu wa Namswea, maji yetu yanatoka mlimani, baridi, safi. Luisa akionja tu anakunja uso.

"Dada Notburga, maji yenu yana ladha ya mawe."

Kisha anarudi kwenye chai yake. Isingekuwa wodini, ningemjibu.

Devotha naye hakunywa, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Alikuwa amewekewa mpira wa kutoa mkojo, na kibofu kilichotoka kushonwa hakiupendi mpira. Kinajikaza ghafla, kama kinataka kuutema. Mtoto anakunja magoti na kupiga kelele, "Mama, mkojo umenibana!" Nesi Walburga alimpa dawa kwa saa zake, akamwekea kitambaa cha uvuguvugu chini ya kitovu, akamfundisha asisukume, alegeze tumbo na kupumua taratibu. Ilisaidia. Lakini mkojo ulikuwa mzito, una vibonge vya damu, na kila mpira ulipoziba maumivu yalianza upya.

"Mama Devotha, mtoto anywe maji," Nesi alisema baada ya kuuzibua tena. "Dawa peke yake haitoshi. Tukiendelea hivi, daktari atamrudisha kule ndani."

Kule ndani ni chumba cha upasuaji. Luisa alipiga magoti kando ya kitanda, akambembeleza, akamtisha, akamwahidi gauni. Midomo ya mtoto ilikuwa imekauka, na bado ameifumba. Uvumilivu ukaniishia.

"We mtoto, maji yetu yamekukosea nini?"

Devotha akaangua kilio. "Baba alisema tukinywa maji ya huku tukashiba, tutasahau kwetu. Alisema tulipokuwa tunapanda gari."

"Alikuwa ananitania mimi, mwanangu," Luisa alisema.

"Mbona na wewe hunywi?"

Luisa akaitazama chai yake. Mwanamke yule alilitamani ziwa lake mpaka utani wa mumewe ulikuwa umemwingia hata yeye, mtu mzima. Hasira zangu zote ziliniisha pale pale. Nilitamani kumkumbatia, sikujua nianzie wapi, basi nikamsogezea ndoo yangu ya maji.

Alichota kikombe, akanywa chote. Akachota kingine, akakimaliza nacho. Machozi yalikuwa yanamtoka, wala hakuyafuta.

Devotha alimkazia macho.

"Baba anaitwa nani?"

"Raimundi."

"Nyumba yetu iko wapi?"

"Ukitoka kanisani unashuka mchangani, unapita vichanja vya usipa. Mlango umeangalia ziwa." Alikuwa anaonyesha kwa kikombe. "Asubuhi ukifungua, maji yako mbele yako."

"Bado unakumbuka."

"Bado, mwanangu."

"Labda utasahau kesho," mtoto alisema. Alimtazama mama yake, akatazama ndoo, kisha akanyoosha mkono. "Nipe na mimi. Nisije nikakumbuka peke yangu."