Herufi za Mama Kwenye Fimbo za Gofu

Mimi hubeba mabegi ya gofu. Nimeifanya kazi hiyo Meru mjini miaka mingi, hata bega langu la kulia limeshuka, na mke wangu husema ninatembea kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Wachezaji hutuita kedi. Wakipiga mpira vizuri wanajisifu wenyewe, na wakiupoteza vichakani wanatukodolea macho sisi.

Lakini kwetu ni Karurumo, na kabla sijaijua gofu nilijua kupiga herufi. Marehemu mama yangu alikuwa na seti ya herufi za chuma, kila moja imechongwa kwenye ncha ya kipande kifupi kinachoenea kiganjani. Unaisimamisha juu ya kitu, unagonga nyundo mara moja, herufi inabaki hapo. Sherehe ikikaribia, akina mama wa jirani walileta sufuria zao zipigwe alama kwenye kitako, maana zikishaazimwa zinachanganyika, na sufuria moja hufanana na nyingine zote. Baada ya sherehe wanawake huketi kando ya rundo, wanazipindua moja moja, wanasoma, na kila sufuria inarudishwa kwa mwenyewe. Sijawahi kusikia mtu Karurumo akibaki na sufuria yenye herufi za mwenzake. Ni heri aonekane amevaa viatu vya mwenzake kanisani.

Mtu niliyembebea begi kwa muda mrefu zaidi ni mwalimu mkuu mstaafu anayeishi Kaaga. Sote tunamwita Mwalimu tu. Ni mzee mnyoofu, mkali kama pilipili, na katika miaka yote hiyo sikuwa nimemsikia hata mara moja akisema amekosea. Mpira ukienda kombo, lawama ni za upepo. Usipokuwepo upepo, basi nilikohoa mimi.

Siku moja alizozana na mchezaji mwingine juu ya fimbo, kwa sababu zao zilikuwa za aina moja. Nikamwambia, "Mwalimu, si nikupigie herufi?"

"Hizi si sufuria, bwana."

"Chuma ni chuma, Mwalimu."

Alinung'unika wiki nzima, kisha akakubali. Nilienda kwake na nyundo na herufi zangu, nikamkuta anatoka kwenda mkutano wa kanisa. Akanionyesha begi na kuniambia nisiharibu kitu. Nilikaa barazani nikafanya kazi safi. Nilipiga herufi shingoni, pale kichwa cha fimbo kinaposhikana na mpini, ili uso unaogonga mpira usiguswe. Nani angenifundisha hilo? Nililifikiria mwenyewe, na nilijiona fundi kamili.

Sasa, kuhusu herufi zenyewe, sikumuuliza mtu. Kwetu nyumba ina herufi za aina moja tu, nazo ni za mama mwenye nyumba. Hata jembe la baba yangu na msumeno wake vilikuwa na herufi za mama. Kwa hiyo niliinuka, nikapindua sufuria iliyokuwa inakauka juani, nikasoma herufi za mke wa Mwalimu, nikarudi nikapiga zilezile.

Ijumaa yake mchezaji mmoja aliiinua fimbo ya Mwalimu, akaisoma, akaisoma tena. "Mwalimu! Leo Mama amekuazima fimbo zake?"

Walicheka mpaka shimo la mwisho. Mwalimu alinipeleka nyuma ya banda la makedi.

"Wewe uliniandikia jina la nani?"

"La nyumba yako, Mwalimu."

"Futa! Leta tupa, usugue mpaka ziishe. Leo hii."

Nilimdanganya kwamba tupa yangu imeazimwa. Ukweli ni kwamba zile herufi zilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na roho iliniuma. Akasema ataniachia begi Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi alikuwa na safari: binti wa shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa anatolewa mahari huko Kianjokoma, na yeye ndiye angebeba sufuria kubwa za kupikia.

Jumatatu akaniachia begi. Jumanne asubuhi nilikaa mlangoni pangu na tupa mkononi, nikazitoa fimbo moja moja. Namba saba haikuwemo. Nilihesabu tena, nikapindua begi, nikalitikisa kama gunia la maharagwe. Nikampigia Mwalimu simu mimi mwenyewe, na hilo nataka likumbukwe.

Alifika haraka. Alinikuta na tupa mapajani na unga wa chuma kwenye suruali, maana nilikuwa nimeshaanza kusugua fimbo moja kabla sijahesabu. Hebu fikiria picha hiyo. Fimbo imepotea, na kedi ameketi anafuta alama za mwenyewe. Hata mimi ningejishuku.

"Nilikupa begi likiwa kamili," alisema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Kapteni wa klabu aliniambia nisikanyage uwanjani hadi Jumamosi, siku ambayo kamati ingeamua. Nilijua maana yake. Kedi akifukuzwa kwa wizi, viwanja vingine vinapata habari kabla hajafika nyumbani, na mimi sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini kilichoninyima usingizi hakikuwa kazi. Ni kwamba mimi, mtoto wa yule mama wa Karurumo aliyehakikisha mali ya watu inarudi kwao, nilikuwa naitwa mwizi wa kitu nilichokipiga alama kwa mkono wangu. Nilikuwa na hasira na aibu, na vyote viwili havikuwa na pa kwenda. Mke wangu aliniambia nile. Nilimfokea. Namwomba radhi hapa, ingawa ameshanisamehe.

Alhamisi mchana simu ililia. Alikuwa mke wa Mwalimu. "Kuja hapa nyumbani sasa hivi. Usiulize, kuja tu."

Nilienda mbio. Uani nilikuta gari dogo la mizigo, na mwanamke mmoja anashusha sufuria. Huyo ndiye mdogo wake kutoka Kianjokoma, aliyekuja kurudisha vitu vya sherehe. Sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa imewekwa chini, na mpini wa fimbo ulikuwa umechomoza ndani yake.

"Nilikuwa nawaambia," yule mgeni alinieleza, "wakati tunapanga vyombo, tulipata hii kwa majivu. Wengine wakasema ni chuma tu, itupwe. Mimi nikaangalia hapa kwa shingo, nikaona herufi za dada yangu. Nikasema hiyo ni ya sufuria zake. Sijui ni ya kukorogea nini, lakini ilitusaidia sana kuvuta makaa. Mukimo yote ilipikwa na hiyo."

Nilicheka mpaka nikalia, au nililia mpaka nikacheka. Nikakaa chini palepale kwenye nyasi mbele ya wanawake wawili, na sikuona haya. Ingekuwa na herufi za Mwalimu, nani Kianjokoma angezijua? Ingekuwa haina herufi, ingeuzwa na vyuma chakavu.

Mke wa Mwalimu alimgeukia mumewe aliyesimama mlangoni. "Baba, hii fimbo ilifikaje kwa sufuria zangu?"

Ikabidi aeleze. Asubuhi ya Jumamosi aliitoa kwenye begi, akaitia nyuma ya gari na sufuria, akikusudia kujinyoosha nayo kidogo huko wakati wazee wanaongea. Vijana wa kupokea mizigo wakashusha kila kitu pamoja. Akasahau.

Mwalimu alinipa chai, akanikazia macho nimalize kikombe.

Jumamosi aliingia kwenye banda la makedi, mahali ambapo wachezaji hawaingii. Alisimama wima kama aliyekuwa anahutubia wanafunzi asubuhi. "Fimbo niliipoteza mimi," alisema. "Huyu nilimkosea." Akatoka. Kedi mmoja akaanza kupiga makofi.

Uwanjani aliniambia nimpe namba saba. Bado ilikuwa na masizi.

"Niipanguse, Mwalimu?"

"Wacha. Na ile tupa yako, umwazime mtu tena."

Akapiga. Mpira ulipinda kulia, ukavuka miti, ukazama kwenye majani marefu. Hapakuwa na upepo, na mimi sikukohoa. Tuliutafuta pamoja, yeye upande huu na mimi upande ule, kwa muda mrefu. Sijawahi kufurahia kutafuta kitu kilichopotea namna ile, kwa kuwa safari hii kila mtu alikuwa ameona ni nani aliyekipoteza.