Msasa wa Bei Nafuu na Sabuni ya Mawese

Siku yangu ya kwanza katika garaji ya Rumonge, kando ya ziwa, sikupewa nyundo wala rangi. Nilipewa karatasi moja ya msasa na mlango wa gari uliobonyea. Mwenye garaji, ambaye sote tulimwita Patron, aliniangalia kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili, akamgeukia Shefu wa ateliye, yaani msimamizi wa mafundi.

"Huyu mama ametoka Kongo juzi tu, na anasema anataka kazi ya wanaume. Iko na nguvu kweli?"

"Sitaki kazi ya wanaume, Patron," nikamjibu. "Nataka kazi."

Walicheka, lakini mlango waliniachia. Niliusugua mpaka mchana bila kuinua kichwa, na nilikuwa nausugua vibaya. Shefu akaja, akaninyang'anya ile karatasi.

"Geuza hii papye. Kwa nyuma iko namba, unaona? Namba ndogo inakula, namba kubwa inalainisha. Usiruke namba, mama, utaniletea haya."

Hilo ndilo somo la kwanza, nanyi vijana mnaoshika mashine za umeme leo msilidharau. Namba themanini hula mastiki, ule udongo mzito wa kujazia mabonde ya bati. Baada yake unapita na mia na ishirini, kisha mia mbili na arobaini, ndipo mia nne pamoja na maji. Niliwahi kujitia ujanja, nikatoka themanini nikarukia mia nne. Rangi ilipokauka, gari lilionekana kama limeparurwa na paka, nami nikalirudia lote huku wenzangu wakinililia nyau.

Mwaka wa pili Patron akaanza kunituma sokoni kununua vifaa, kwa sababu nilikuwa bahili na sikuona haya kushika-shika vitu vya watu. Muuzaji wetu alikuwa Mzee Juma, mzaliwa wa Rumonge, mtu wa kofia safi na maneno machache. Kwake nilijifunza kuchagua. Kunja pembe ya karatasi. Chembe zikidondoka, irudishe. Ipapase mgongo; ikiwa laini kama kitambaa, imeshakunywa unyevu wa ziwa, haitamaliza hata mlango mmoja. Ile ya manjano usiitie maji, itakuyeyukia mkononi. Ya maji ni nyeusi. Namba themanini nilinunua ya bei ya chini bila wasiwasi, maana makosa yake yanafutwa na namba zinazofuata. Mia nne sikuiombea nafuu kamwe, kwani baada yake hakuna wa kukufichia.

Vingine tulijitengenezea. Kibao cha kusugulia nilikikata kwenye soli ya kandambili kuukuu. Magazeti ya kufunika vioo niliyabandika kwa uji mzito wa unga wa muhogo, tukaokoa gundi ya dukani. Patron alifurahi, nami sifa zikaniingia kichwani. Nikabuni jambo jingine: kuisugua ile karatasi ya maji kwa sabuni yetu ya mawese. Iliteleza vizuri, haikuziba, ikadumu mara mbili. Sikumwambia mtu. Nilitaka waone tu kwamba mikononi mwangu msasa hauishi.

Basi, likaja basi dogo la abiria la njia ya Bujumbura, limechubuka ubavu mzima. Patron akaniita mbele ya wote.

"Hii unaitayarisha weye peke yako. Shefu atapiga rangi. Ikitoka muzuri, gari inayofuata pistole ni yako. Ikiharibika, utabaki na papye mpaka uzeeke."

Pistole ni lile bomba la kupulizia rangi. Hakuna mwanamke niliyemjua pwani hii aliyeishika. Niliitaka mpaka nikaiota.

Nililisugua basi lile siku tatu, kwa maji na sabuni yangu. Shefu akapuliza. Kabla hajamaliza ubavu, rangi ikaanza kujikunja na kuacha vitobo vya mviringo, vingi, vile ambavyo mafundi huviita macho ya samaki.

"Ni diluan!" Shefu akapiga kelele. Diluan ni maji makali ya kulainishia rangi. "Yule Mzee Juma ametuuzia diluan mubaya, amechanganya!"

Patron akakataza mtu yeyote kununua tena kwake. Na pwani hii mnaijua: jioni haijafika, garaji zote za barabarani zilikuwa zimesikia.

Mimi nilikuwa na shaka yangu. Alasiri ileile nikachukua bati bovu, nikasugua nusu kwa sabuni, nusu kwa maji matupu, nikapaka rangi ileile na diluan ileile. Upande wa maji ulitulia. Upande wa sabuni ukatoboka. Mafuta ya mawese yalikuwa yamebaki kwenye bati.

Nikalificha lile bati chini ya magunia, nikanyamaza. Patron alikuwa amekwisha kusema kwamba kosa si langu na pistole nitapewa. Nilinyamaza siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nilimpelekea Patron lile bati, nikamweleza yote.

Aliligeuza, akapapasa upande uliotoboka. "Mbona unasema sasa? Nilikuwa nimeshakupa pistole."

"Kwa sababu ni mimi niliyeharibu, Patron."

"Bon, sawa. Pistole itangoja. Kwanza uende kwa yule muzee, umwambie weye mwenyewe, kwa kinywa chako."

Nilimkuta Mzee Juma amekaa nyuma ya duka. Pipa lake la diluan lilikuwa limelazwa, tupu, na ardhi yote ilinuka. Nikamwambia habari ya sabuni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimeimwaga jana, binti yangu," akasema. "Mafundi wakishasema diluan ni mbaya, mimi ni nani nibishe? Niliona nimetapeliwa na walioniuzia, sikutaka kuwaharibia na wengine."

Nililia pale mbele yake. Hakunitukana. Aliniambia tu nizunguke garaji zote, niseme nilivyomwambia yeye. Nilizunguka, moja baada ya nyingine, na kwingine walinicheka. Kisha nikalirudia lile basi kwa maji matupu mpaka vidole vikatoka damu. Patron naye akaenda dukani kwa Mzee Juma mchana, mbele za watu, kununua rangi.

Pistole niliishika miaka miwili baadaye, kule Kabezi, katika garaji nyingine, chini ya Shefu mwingine aliyekuwa mkali kuliko wa kwanza. Nikaishika miaka mingi, halafu nikafungua kibanda changu Gatete, mpaka kifua kilipochoka na vumbi. Sasa nimeacha kazi. Vijana hunijia kuuliza wabane matumizi wapi na watoe pesa wapi, nami huwaeleza kama nilivyoeleza hapa.

Lakini Mzee Juma, hadi alipofunga duka, hakuuza tena diluan. Rangi aliuza, msasa aliuza. Nilipomuuliza sababu, alisema kila akiipima hujishuku mwenyewe. Basi nawaomba: mkiharibu, semeni siku hiyohiyo. Mimi nilisema siku ya tatu, na alikuwa ameimwaga ya pili.