Kuku Wangu wa Kurudi Nyumbani

Naomba jina langu lisitokee, maana kanisani kwetu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni mama wa miaka sitini na nne, Mkamba wa Kitui, naishi Alexandria, Virginia. Miaka ishirini na tatu nimeogesha na kulisha wazee wa watu. Mzee wangu mwenyewe, mama yangu, hajaniona tangu siku niliyoaga. Najua wengine mtanitukana. Tukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Sikuwa na karatasi. Ningetoka Marekani nisingerudi, na binti yangu alizaliwa hapa, ningemwachia nani? Baba alizikwa nikitazama kwenye simu, nikaona zaidi viatu vya watu. Mama akabaki. Kila Jumapili aliniuliza, "Karatasi zimetoka?" Nikisema bado, ananijibu, "Kawia ufike. Kuku wako yupo." Kuku huyo alitengwa tangu mwaka wa kwanza, achinjwe siku nitakayofika. Akizeeka akafa, Mama anatenga mwingine. Hata padri alipokuja kula pale nyumbani, hakuchinjiwa huyo.

Bibi wa mwisho niliyemtunza hapa alikuwa Mmarekani, miaka minne yuko kitandani. Ukutani alitundika gamba la kombe alilorudi nalo alipotembea kwa miguu njia ya mahujaji kule Hispania, mpaka kwenye kanisa la Mtakatifu Yakobo, Santiago. Alinisimulia njia hiyo huku namgeuza asipate vidonda. Siku moja nimechoka kungoja, nikaweka nadhiri: Mungu akinipa karatasi, miguu yangu itakanyaga njia ile kabla ya kukanyaga popote.

Karatasi zilitoka mwaka jana, baada ya binti yangu kufikisha umri wa kuniombea. Bibi alikuwa ameshafariki, hakuna kazi iliyonishika. Binti, ambaye bibi yake humwita Susu kwa Kikamba, akaniambia, "Mum, go see Susu first. Spain itangoja." Nikamjibu nadhiri ni nadhiri. Jumapili Mama akauliza kama kawaida, nami nikajibu kama kawaida. Bado.

Acha niseme yote. Nadhiri ilikuwa ya kweli, lakini pia niliogopa. Niliogopa kaburi la Baba. Niliogopa kumkuta Mama amesinyaa, niulizwe miaka yote hiyo ilikuwa ya nini. Nikajiambia nikimaliza njia nitapata nguvu, ndipo niwaambie.

Nilitembea siku arobaini. Magoti yalianza kulia kwenye mlima wa kwanza, kucha mbili zikang'oka, na tulilala vitanda vya juu na chini na watu wanaokoroma ajabu. Wazee tulikuwa wengi, wengine wamepita sabini. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Siku ya kumi hivi tukaingia kanisa moja lenye jogoo na kuku wazima, wamefugwa juu ukutani katika kizimba kilichopambwa kama altare. Wenyeji husema jogoo akiwika ukiwa humo, safari yako ni njema. Aliwika. Nilicheka mpaka machozi nikimkumbuka kuku wangu wa Kitui, nikapigwa picha chini ya kile kizimba, mkoba mgongoni.

Picha hiyo nilimtumia mtu mmoja tu, rafiki yangu wa kwaya, Mtanzania, nitamwita Mama Neema. Yeye kwa upendo akaiweka kwenye group la jumuiya: "Tumpongeze dada yetu, yupo Hispania anahiji kwa miguu." Simlaumu, sikumwambia ni siri. Kwenye group yumo binamu yetu anayeishi Upper Marlboro, kule Maryland. Siku hiyohiyo picha ikafika Kitui.

Kaka yangu alinipigia siku mbili baadaye, nimeketi kando ya njia napaka miguu mafuta.

"Dada, hii picha ni ya lini?"

"Ya juzi."

"Kwa hivyo karatasi ziko."

Nikaanza kuvaa soksi.

"Mama ameiona," akasema. "Alishika hiyo simu karibu na macho, akauliza, hata kwa kanisa ya wazungu kuna kuku? Nikamwambia ndiyo. Akasema basi huyu wetu achinjwe. Tulimla jana."

"Nani alimchinja?"

"Mimi. Mama ndiye alimshika miguu."

Ningeweza kugeuka siku ile. Sikugeuka. Nilijiambia nadhiri ikikatwa katikati ni vibaya zaidi, nikatembea siku zote zilizobaki, nikafika Santiago, nikapewa cheti. Kiko kwenye droo, sijakitazama tena.

Sasa ni miezi mitatu. Mama hajakasirika, na hilo ndilo linaloniua. Jumapili akiambiwa ni mimi, anasema, "Mwambieni apumzike, ametembea sana," na simu haishiki. Nilimtumia maneno ya kuomba radhi kwa sauti yangu. Aliyasikiliza yote, akasema asante. Habari ya karatasi haulizi tena. Nimekata tiketi ya mwezi ujao, nikamtuma kaka amwambie. Akarudi na jibu: "Amesema nyumba ni ya wote, ukitaka kuja, njoo." Hivyo ndivyo Mama anavyowaambia watu wa mbali wanaotaka kututembelea.

Mama ana miaka tisini kasoro mmoja na macho yake yanazima. Nikienda, nitaketi mbele yake kama mgeni. Nikingoja aniite, naona atakufa hajaniita. Jumapili iliyopita nilimwuliza kaka jambo moja tu, kama Mama ametenga kuku mwingine. Nyuma yake niliwasikia kuku wakilia uani.

"Dada," akasema, "wacha tu."

Ndugu zangu, hasa ninyi mliokaa ugenini hadi mvi, nishaurini. Mtu hurudi vipi nyumbani ambako hangojwi tena?