Jumamosi za Marion Nyanchoka

Marion Nyanchoka alichaguliwa katibu wa chama cha wazimamoto siku ambayo hakuwepo. Mkutano uliitishwa Jumamosi, na Riontweka nzima ilijua kwamba Jumamosi Marion ni mtu wa kanisani tangu asubuhi hadi jua lizame. Wenzake walikaa kituoni wakatazamana. Hakuna aliyetaka kazi ya kuandika barua na kugombana na afisi ya manispaa, basi wakampa yule aliyekuwa mbali akiimba. Jumapili alipofika kazini alikabidhiwa muhuri, kidau cha wino na pongezi nyingi. Alikasirika hadi saa nne, kisha akauliza barua ya kwanza inaandikiwa nani.

Ndivyo alivyo. Hasira zake hupanda haraka na kushuka haraka, na zikishuka mtu anayefaa kuogopa ni yule wa upande wa pili. Ni mzaliwa wa Magwagwa, mama yake Purity na wavulana wawili, mke wa Duke, ambaye ana ekari moja na nusu ya majani chai na maneno machache sana. Miaka kumi na moja iliyopita alipokwenda kuomba kazi ya uzimamoto, wanaume waliokuwa wakisaili walimwangalia kimo chake, wakaulizana kwa macho, wakamwambia abebe mpira wa maji uliokunjwa apande nao hadi ghorofa ya tatu. Alipanda, akashuka, akauliza kama aurudishe stoo au kama kuna ghorofa nyingine. Mtu aliyekulia Magwagwa akipandisha milima na kikapu cha majani chai mgongoni hakuona la ajabu katika ngazi zenye vishikio.

Riontweka ni mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Nyamira kwenda Keroka. Una kituo kimoja cha zimamoto na gari moja jekundu ambalo hupanda mlima kwa shingo upande. Kituo kina zamu za saa kumi na mbili kwa kumi na mbili, na ratiba yake hubandikwa ukutani kila mwezi. Aliyeitunga ratiba ile hatujui alikuwa na kisa gani na dini za watu, maana Marion Msabato alipangiwa kazi kila Jumamosi, na Issack Mwislamu akapangiwa kila Ijumaa.

Issack ndiye fundi wa pampu, mrefu, mwembamba, mcheshi, aliyezaliwa mjini Kisii nyuma ya duka la nguo la babake. Kiekegusii chake huwaaibisha Wakisii wengi waliosomea Nairobi. Wiki ya kwanza tu ya kazi alimwendea Marion, akamwambia:

"Dada, wewe una Jumamosi yangu, na mimi nina Ijumaa yako. Kwa nini tusirudishiane?"

Wakarudishiana. Kwa miaka kumi na moja Marion alifanya Ijumaa za Issack, na jioni zamu ikiisha alikimbia nyumbani ili Sabato isimkute barabarani na buti miguuni. Issack naye alifanya Jumamosi za Marion. Kapteni wao, Nyasani, Mkatoliki asiyependa maneno mengi, alisema yeye anataka vichwa sita ndani ya gari, majina ya vichwa wajuane wenyewe. Ratiba ilibaki ukutani ikisema uongo wake mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyeumia.

Katika ukatibu Marion hakuwa mchezo. Aliandika kuhusu buti hadi buti zikaja. Aliandika kuhusu choo cha wanawake hadi kikapata mlango, kisha akaandika tena hadi mlango ukapata komeo. Glavu ndizo zilizomshinda. Barua tatu zilikwenda na jibu lilikuwa kwamba jambo hilo linashughulikiwa. Lakini jambo kubwa kuliko yote, ambalo wanachama walimbebea juujuu siku alipolileta, lilikuwa bima ya ajali. Kabla ya hapo mzimamoto akiungua alijiuguza mwenyewe na kukaa nyumbani bila mshahara.

Bima hiyo waliisaini siku ya Ijumaa. Upande wa manispaa alikuwapo mzee Omosa, afisa wa wafanyakazi, mtu mpole mwenye miwani, ambaye pia ni mzee wa kanisa katika kanisa lilelile la Marion. Mazungumzo yalianza saa nane mchana, yakaenda, yakarudi, na ilipofika saa kumi na moja na nusu wote wawili walikuwa wanaangalia dirishani. Jua lilikuwa linashuka. Marion alikuwa hajaoga, hajapika, magwanda ya zamu yangali mwilini. Mzee Omosa alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Kilipobaki kipengele cha mwisho, mzee alikisoma mbio: bima itamhudumia mzimamoto aliye zamuni kwa mujibu wa ratiba. Marion alisikia, akaona ni sawa, wakasaini na kutakiana Sabato njema mlangoni. Yeye ambaye angebishana na afisi siku mbili juu ya komeo, aliyaacha maneno hayo manne ya mwisho yapite kwa sababu ya jua.

Moto wenyewe ulizuka mwezi wa saba, Jumamosi asubuhi, na ulikuwa moto mdogo. Bwana mmoja anayeitwa Jethro alikuwa na stoo ya vinyago vya mawe kutoka Tabaka, vimefungwa kwa nyasi kavu na makatoni vikingoja lori. Jiwe haliungui, ila nyasi na makatoni huungua vizuri sana. Issack na wenzake walikuwa wameuzima kabla ya saa moja kuisha. Jethro alikuwa ameketi chini nje, anawataja viboko wake wa mawe kama watoto waliopotea. Issack, ambaye hawezi kumwona mtu analia bila kufanya kitu, aliingia ndani, akaona kiboko mmoja mzima, hata sikio halijakatika, akamwinua ili amletee.

Mama yeyote wa Tabaka angemwambia kwamba jiwe lile hunywa moto na kukaa nao tumboni muda mrefu baada ya ndimi kuzimika. Issack alilijua jiwe la Tabaka kwa bei yake tu. Glavu yake ya kulia ilikuwa imetoboka kiganjani, ile iliyoandikiwa barua tatu. Alipofaulu kumwachia yule kiboko, ngozi ya kiganja na ya vidole vitatu ilikuwa imeharibika.

Marion alipata habari alipotoka kanisani. Hakubadilisha nguo, alikwenda Kisii hospitalini na gauni lake jeupe la kwaya. Issack alikuwa amelala, mkono umefungwa hadi ukawa mkubwa kama mkate. Samsam, mkewe, alikuwa ameketi kando ya kitanda.

"Mama Purity," Issack akasema, "hii Jumamosi yako ina meno."

Marion alicheka, kisha akatoka hadi koridoni akalia sana. Alijua vizuri kwamba mkono ule ungekuwa wake. Samsam alimfuata, akasimama naye, akampa ncha ya mtandio wake ajifutie uso.

Daktari alisema lazima kiganja kifanyiwe upasuaji wa kupandikiza ngozi, la sivyo vidole vitajikunja na havitanyooka tena, na fundi wa pampu asiye na vidole ni mpita njia tu. Upasuaji, na baada yake miezi miwili ya kupumzika. Marion aliambia kila mtu asiwe na wasiwasi kwa sababu kuna bima. Jumatatu alijaza fomu kwa mwandiko wake mzuri, akaipeleka. Jumatano fomu ilirudi. Watu wa bima walikuwa wametazama ratiba ya mwezi wa saba, na kwa mujibu wa ratiba, siku hiyo Issack hakuwa kazini. Aliyekuwa zamuni ni Marion Nyanchoka, na Marion Nyanchoka hana jeraha lolote.

Aliyasoma yale maneno manne mara tatu. Hapo ndipo alipokumbuka jua la Ijumaa ile, akaona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu aanze kazi.

Alhamisi alikuwa mbele ya meza ya mzee Omosa. Nje ya afisi wangesalimiana kwa Kiekegusii na kuulizana habari za watoto. Ndani ya afisi walizungumza Kiswahili, na mzee alianza kwa kufunga mlango.

"Dada Marion, nisikilize vizuri. Mimi sitaki kukupoteza. Kama wewe mwenyewe utaandika kwamba hukuwa kazini, hiyo ni kutoroka zamu. Nitalazimika kukupa barua ya onyo. Na mkuu wa manispaa akiuliza ni Jumamosi ngapi, tutasema nini? Onyo la tatu ni kufutwa."

"Na nikinyamaza?"

"Ratiba inasema ulikuwa kazini. Iache iseme hivyo. Issack alikuwa anapita, akasaidia kama raia mwema. Tutamchangia hapa afisini, hata mimi nitatoa."

Alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Marion zaidi. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Alifikiria mshahara wake, karo ya Purity, chai ya Duke ambayo mwaka huo ilikuwa na bonasi ya kuchekesha. Alifikiria pia vidole vitatu. Kisha akaivuta fomu, akaigeuza ielekee upande wa mzee.

"Mzee, mimi nitaandika sikuwa kazini. Lakini hapa chini kuna mahali pa shahidi, na mimi nataka shahidi aliyeniona nilikokuwa. Jumamosi hiyo lesoni ya Shule ya Sabato ilifundishwa na nani?"

Mzee Omosa alivua miwani.

"Marion."

"Nani alinisimamisha akaniuliza swali la pili, na nikabishana naye mpaka kengele ikalia?"

Nje mtu alikuwa anaosha gari la meya na kuimba. Mzee Omosa aliifuta miwani kwa tai, akaivaa, akaivua tena. Alikuwa amekaa miaka ishirini katika afisi ile akitia saini mambo ya kila namna, na mengine hakuyapenda. Hili lilimshinda. Hangeweza kutia saini kwamba mtu alikuwa juu ya gari la zimamoto na ilhali yeye mwenyewe alikuwa amemnyooshea kidole kutoka mimbarini.

"Ulibishana vibaya," akasema mwishowe. "Jibu lako halikuwa sahihi."

Kisha akachukua kalamu. Mahali pa shahidi akaandika kwamba saa ya ajali Marion Nyanchoka alikuwa kanisani, kwamba yeye Omosa alimwona kwa macho yake, na kwamba zamu hiyo ilishikwa na Issack kwa idhini ya kapteni. Akatia saini, akapiga muhuri. Alipomaliza akavuta karatasi nyingine, na kwa kalamu ileile akaandika barua ya onyo ya kwanza katika miaka kumi na moja ya Marion. Alimpa zote mbili pamoja. Marion akamshukuru kwa zote mbili, na hakuwa anafanya mzaha.

Bima ilikubali. Issack alifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata, na vidole vikanyooka. Chama nacho kiliandika dai jipya, la mstari mmoja tu: zamu iliyobadilishwa ni zamu, na anayeishika ndiye mwenye haki zake zote, pamoja na glavu nzima. Mkutano wa kulijadili ulipangwa Jumanne saa tatu asubuhi. Marion mwenyewe ndiye aliyechagua saa. Lakini mkutano huo ulikuwa wa mwezi ujao, na hadi hapo agizo la mkuu lilikuwa wazi na limebandikwa kando ya ratiba: hakuna kubadilishana.

Kwa hiyo Jumamosi ilipofika Marion alivaa magwanda. Duke alisimama mlangoni akamwangalia, akasema, "Nitawaambia unaumwa." Marion akamwambia asimwongezee dhambi juu ya ile aliyo nayo. Alitembea hadi kituoni akikutana njiani na majirani wenye nguo nyeupe na Biblia mkononi. Wengine walimsalimia, wengine waliangalia migomba. Moyo ulimuuma kweli. Alikagua mpira wa maji, akakagua pampu, akaketi kwenye benchi lililo kando ya gari, na akaona kwamba hajawahi kushika zamu ndefu kama hiyo.

Saa tatu hivi Issack akaingia getini, mkono umening'inia shingoni.

"Daktari si alisema upumzike?"

"Napumzika. Samsam amenifukuza. Anasema tangu tuoane hajawahi kuniona nyumbani Jumamosi, hajui anifanyie nini." Akaketi kwenye benchi, akanyoosha miguu. "Hata mimi sijui. Hii siku nimezoea kuimalizia hapa."

Walikaa. Gari lilikuwa limetulia, simu ya kituo haikulia, na kutoka juu ya kilima sauti za kwaya zilikuja vipande vipande kadiri upepo ulivyotaka. Marion alizitambua sauti zote, hata pengo la mahali pake katika sauti ya pili.

"Saa hii kule mnafanyanga nini?" Issack akauliza.

"Wakimaliza huo wimbo ni lesoni."

"Kitabu uko nacho?"

Kilikuwa mfukoni mwa suruali. Alikibeba kwa mazoea tu, akiwa ameapa kutokifungua siku hiyo kwa ajili ya hasira.

"Basi soma," Issack akasema. "Mimi nitauliza maswali. Lakini usinijibu vile ulimjibu mzee Omosa."

Marion alikifungua kwenye magoti, juu ya magwanda yenye harufu ya moshi, akaanza kusoma kwa sauti. Alifika aya ya pili, akakifunika kitabu kwa kiganja. Issack alingoja, mkono wake uliofungwa ukiwa juu ya goti, hadi Marion alipoweza kuendelea.