Kidole cha Asamani

Kiti cha kwanza kilimpata Frema Boahemaa begani, cha pili kikamchana juu ya jicho. Hakukimbia. Mwalimu huyu wa fizikia kutoka Mampong, asiyejua kucheka na mwanafunzi mchelewaji, alikuwa refa mkuu wa mashindano ya roboti ya mkoa, na matokeo alikuwa bado hajayatangaza.

Shule huanza kupambana wilayani. Washindi huja Kumasi kwa duru ya mkoa, na bingwa wa mkoa ndiye huenda Accra. Kanuni kuu haibadiliki popote: filimbi ikishalia, mkono wa mtu usiiguse roboti. Wilayani marefa hufumba macho. Meza zimepinda, husema, tuwahurumie watoto. Kwa huruma hiyo watoto hufika Kumasi wakiwa wamezoea kuiba, na hakuna aliyewaambia kwamba ni wizi.

Katika fainali ile, roboti ya wavulana wa Bonkuro ilikwama kwenye daraja la mbao. Asamani, nahodha wao, akaisukuma kwa kidole. Frema akapuliza filimbi na kuifuta raundi yao yote. Ushindi ukawaangukia wasichana wa Nsuoano.

Ngoma za mashabiki zilinyamaza ghafla.

"Madam, macho yako yanauma?" kocha Dwomoh wa Bonkuro alifoka. "Wilayani tumegusa mpaka tukachoka. Nani alisema kitu?"

"Hapa si wilayani, Bwana Dwomoh."

"Kidole tu, jamani! Kidole!"

"Angetumia goti ningepuliza vilevile."

"Mchawi huyo!" mtu alipiga kelele kutoka nyuma. "Hajaolewa ndiyo maana!"

Sasa, matokeo ya mkoa si matokeo mpaka refa mkuu ayatamke mwenyewe, manahodha wote wawili wakiwa wamesimama mbele yake. Yasipotamkwa siku hiyo, mechi hurudiwa. Kila mtu ukumbini alilijua hilo.

"Mzibeni mdomo!"

Waliosoma Bonkuro zamani ndio walioruka uzio kwanza. Watu wazima, wenye wake na vyeo, walivua mikanda mbele ya watoto waliokuja kujifunza. Meza ya mashindano ilipinduliwa. Roboti ya wasichana ikakanyagwa mpaka magurudumu yakatawanyika, na Serwaa, nahodha wao, alipojaribu kuyaokota, kiatu kikamponda vidole. Alilia kwa sauti nyembamba, kisha akatambaa mpaka miguuni kwa Frema na kusimama.

Mkanda ulimkata Frema shavuni. Mtu akampiga ngumi ya mdomo. Akatema jino na damu juu ya shati la mpigaji. Mwingine akausokota mkono wake wa kushoto mgongoni, na ukalia kama kuni kavu. Kwa mkono wa kulia alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Nahodha wa Nsuoano yupo," alisema, maneno yakitoka yamevimba. "Nahodha wa Bonkuro yuko wapi?"

"Asamani, toka nje!" Dwomoh alimvuta kijana kwa kola kuelekea mlangoni. "Usisimame pale! Ukisimama tumekwisha!"

"Sir, niache."

"Nimekulea miaka mitatu, we' mjinga!"

"Nimegusa, sir. Wewe mwenyewe umeniona nikigusa."

Dwomoh alimzaba kofi lililomgongesha ukutani. Wenzake wawili wa timu wakamrukia kwa mateke ya mbavu, wakimwita Yuda. Asamani hakurudisha hata pigo moja. Alijinasua, fulana ikabaki mikononi mwao, akapita katikati ya mikanda akiwa kifua wazi na kichwa amekifunika kwa mikono. Alipofika mbele ya Frema aliishusha mikono yake na kusimama wima.

"Nipo, madam."

Wale wenye mikanda walisita. Kumpiga refa walikuwa wamejihalalishia. Huyu alikuwa mtoto wao, amevaa suruali ya shule yao, na mgongo wake ulikuwa umeshajaa alama za mikanda yao wenyewe.

Frema alikiinua kipaza sauti.

"Bingwa wa mkoa ni Nsuoano. Bonkuro imepoteza kwa kugusa roboti."

Hakuna aliyeshangilia. Frema akakaa chini sakafuni, palepale kwenye vipande vya roboti na damu, na Asamani akachuchumaa ili amshikie ule mkono uliovunjika.

"Usiuguse," Frema alimwambia.