Kamba Nyeusi Kiunoni mwa Elia

Kijijini kwetu Iringa, nilipokuwa mtoto, degedege hatukulihesabu kuwa ugonjwa. Lilikuwa ndege. Watu wazima walisema ndege huyo hupita juu ya mapaa jua likizama, na mtoto atakayepitiwa na kivuli chake hugeuza macho, akakaza meno na kutetemeka. Ndiyo maana akina mama waliwaingiza watoto ndani mapema, hata wale waliokuwa wanakwaya na kuzijua zaburi kwa moyo.

Mdogo wangu Elia alishikwa na degedege akiwa hajaota jino. Mama alimpakata huku akilia. Baba alisimama mlangoni, kofia mkononi, asijue aingie au atoke. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Yeye ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kuwaonya watu waachane na waganga, na alionya kwa upole hata watu wakampenda.

Asubuhi yake aliniambia nimsindikize. Tulipita mashamba ya viazi, tukavuka kijito, tukatokea kwenye nyumba iliyojificha nyuma ya mianzi. Mganga alitabasamu alipomwona.

"Kamwene, mzee wa kanisa. Na wewe leo?"

Baba hakuitikia salamu. Alipewa kamba nyeusi yenye kifundo kilichofungiwa mzizi, akaitia kwenye mfuko wa koti. Wakati wa kurudi alisema bila kunitazama, "Neema, ukiulizwa, tulifuata mbegu ya viazi."

Mama alipoiona ile kamba alishtuka. "Baba Neema, ubatizo ni Jumapili hii."

"Kwa hiyo unataka tumzike kwanza?"

Mama akamshika mtoto, baba akafunga.

Jumapili kanisa lilijaa. Kwa sababu ya baridi, Elia alikuwa amefungwa mashali mawili juu ya gauni jeupe la ubatizo. Ilikuwa zamu ya baba kushika jagi la maji, kwa hiyo alisimama mbele, kando ya mchungaji. Zamu yetu ilipofika, Elia alianza kuhema haraka, uso umemwiva kwa homa. Mke wa mchungaji akampokea, akamlegeza nguo apate hewa. Mkono wake ukaishia kiunoni. Akamgeuzia mumewe mtoto ili aone.

"Nani amemfunga mtoto kitu hiki?" mchungaji akauliza.

Nilimtazama baba. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nilijua atajibu, kwa kuwa baba ndiye aliyenifundisha kusema kweli. Yeye alikuwa anatazama ndani ya jagi.

"Ni mimi, mchungaji," mama akasema. "Nilimfunga mwenyewe. Baba yake hajui."

Elia hakubatizwa siku ile. Mama alimchukua akatoka naye, nami nikamfuata. Baba alibaki kummiminia mchungaji maji ya kubatizia watoto wengine. Nje, mama aliikata kamba kwa meno, akaenda moja kwa moja zahanati na kitenge chake cha sherehe. Ilikuwa malaria. Elia alitibiwa, akapona.

Mama akatengwa. Aliondolewa kwaya, akazuiwa Meza ya Bwana, akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, upepo unakoingilia. Shuleni waliniita Neema wa Kamba. Hilo niliweza kulivumilia. Nilichoshindwa ni kutembea na baba baada ya ibada, watu wakimshika mkono na kumfariji: "Pole, mzee. Wanawake wana siri." Naye akijibu, "Tuombeane."

Siku ya kurudishwa kundini, mama alitubu mbele ya watu wote. Wazee wa kanisa wakajipanga kumpa mkono wa kumpokea, baba akiwa mmoja wao. Alimpa mkono mke wake kama mtu anayepokea mgeni.

Siku hizi ninaishi Iyunga, Mbeya. Ofisini mwenzangu ana kichupa cha mafuta ya upako kwenye droo, na jirani yangu hunyunyiza chumvi ya maombi mlangoni kabla ya kwenda sokoni. Siwacheki. Nimeona jinsi hofu ya kufiwa inavyoweza kumpeleka mtu asikotaka, na kwa lile la kwenda kwa mganga baba nilimsamehe zamani.

Mama alifariki, tukamhamishia baba kwangu. Elia sasa anahudumu katika kanisa moja hapa mjini, mhubiri anayesikilizwa. Mwaka jana alitualika ibadani, akatoa ushuhuda. "Mama yangu mzazi," alisema kwenye maiki, "alinifunga hirizi kiunoni! Alikuwa gizani, lakini Bwana alinitoa!" Watu wakapiga makofi. Baba, kando yangu, naye akapiga.

Nje nilimwambia, "Baba, mwambie."

"Mama yenu hayupo tena," akasema. "Itamsaidia nini?"

Jioni nilimwambia Elia mwenyewe. Akauliza, "Mama aliwahi kulalamika?"

"Mara moja tu. Alisema baba kwenda kwa mganga hakukumuuma, kwa sababu alimpenda mtoto. Kilichomuuma ni kupewa mkono."

Elia hajautoa tena ushuhuda ule, wala hajamuuliza baba. Baba ameng'amua. Akiombwa kubariki chakula husema, "Elia, omba wewe," na Elia huomba kwa maneno machache.

Nimekulia kanisani, nimesikia mahubiri mengi kuhusu aliyebeba dhambi zisizo zake, na naamini. Lakini kwa macho yangu nimemwona mtu mmoja tu akifanya hivyo. Alikuwa mama yangu, na sisi tulioketi kanisani siku ile ya ubatizo tulimwonea aibu.